Fungu la binti: Katiba yalitambua, shambani halionekani

Mauti yanapobisha hodi katika nyumba za Pwani, maiti huzikwa, hitma husomwa, na matanga yakishaanuliwa wanaukoo hukaa kitako kuzungumzia alichoacha marehemu. Ndugu msomaji, hapo ndipo haki ya mwanamke hupimwa. Mara nyingi binti huambiwa, "Wewe umeolewa, una kwako," na mikorosho, minazi na kiwanja huwaendea kaka zake.

Katika Kibaha na Kisarawe jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko jana. Wilaya hizi zimepakana na jiji la Dar es Salaam. Viwanda vimejengwa Kibaha, na tangu mwaka 2024 treni ya kisasa inapita Soga na Ruvu. Shamba lililokuwa la muhogo sasa hukatwa viwanja na kuuzwa, na asiye na jina katika hati hana sauti katika mauzo.

Je, sheria za nchi zimenyamaza? Hapana. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984. Ibara ya 12 inatamka usawa wa binadamu, ya 13 inakataza ubaguzi, na ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu mjini Mwanza, Jaji Mwalusanya alizitumia haki hizo kumlinda Holaria Pastory wa Kagera, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Jamaa yake alidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilisema mila hiyo ni ya kibaguzi, na Katiba haiikubali.

Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na ikaagiza kwamba katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu wawe wanawake. Mwaka 2000 neno "jinsia" likaongezwa katika Ibara ya 13.

Wapo wanaouliza: usawa huo haugongani na mirathi ya Kiislamu, ambamo binti hupata nusu ya fungu la kaka yake? Swali hilo ni zito, na wanazuoni na wanasheria wana haki ya kulijadili. Lakini tuseme kweli: mwanamke tunayemzungumzia hajapewa nusu wala robo. Sura ya An-Nisaa imemwekea fungu la faradhi, nalo limeliwa.

Wanaolila wana ulimi mwepesi. Ikitajwa Katiba, husema, "Sisi ni Waislamu." Ukitajwa Uislamu, husema, "Haya ni mambo ya mila." Mila ipi? Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii, asili yao ni kuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Iweje mama awe shina la ukoo, kisha binti yake awe mgeni shambani?

Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014, iliitamka haki ya mwanamke kumiliki ardhi kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na Katiba hiyo haikuanza kutumika. Hata hivyo, tusiifanye Katiba mpya kuwa kisingizio. Iliyopo inatosha kumrudishia binti shamba lake.

Tunawausia wazazi waandikishe mali zao wangali hai. Tunawausia mabinti wasiridhike na kikao cha ukoo peke yake. Mahakama ya Mwanzo ndiyo humteua msimamizi wa mirathi, naye huwajibika mbele yake. Na mashekhe wetu, wanaoalikwa kusoma hitma, wasiondoke kabla ya kuuliza: fungu la binti liko wapi?

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza amana. Amin.