Msimbati au Mikindani? Linganisha Kabla ya Kulipa
Ukiwa na siku mbili tu za mapumziko, usilinganishe bei ya chumba peke yake. Linganisha gharama yote, tangu kutoka nyumbani Kitaya hadi kurudi. Msimbati ina ufuko mzuri wa kuogelea, lakini imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako wageni hutozwa kiingilio. Mikindani iko kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, kando ya barabara ya lami. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 na nyumba za kale hutazamwa kwa miguu. Popote uchaguapo, ulizia usafiri wa kurudi mapema, patana bei ya mashua kabla ya kupanda, na udai risiti: bila risiti, malalamiko hukosa ushahidi.