VPN Imeunganika, Mbona Faili Haliendi?

Chukulia duka la pembejeo lenye seva yake Kitale na tawi mjini Bungoma linalotumia modemu ya laini ya simu. VPN inaunganika, ping inajibu, nywila inakubaliwa. Karani akifungua orodha ndefu ya bidhaa, skrini inaganda. Lawama huangukia mvua au kampuni ya simu, kumbe huenda kinachosumbua ni ukubwa wa pakiti.

Mitandao mingi ya waya hubeba pakiti isiyozidi baiti 1500. Kikomo hicho ndicho MTU. VPN huichukua pakiti nzima, ikaificha kwa msimbo na kuitia ndani ya nyingine, kama gunia la mahindi lililojaa pomoni likitiwa katika gunia la pili: la nje halina budi kuwa kubwa zaidi. WireGuard, mojawapo ya programu za VPN, huongeza baiti 60 kwenye IPv4 na 80 kwenye IPv6, ndiyo maana kwa kawaida MTU yake huanzia 1420. Ila hesabu hiyo inadhani njia nzima inabeba 1500, na mitandao ya simu ina vifungashio vyake vya ndani. Viwango vya mitandao ya simu vya 3GPP vimependekeza simu itumie MTU ya 1358.

Ruta ikikutana na pakiti kubwa isiyoruhusiwa kukatwa, hupaswa kumjulisha mtumaji kwa ujumbe wa ICMP, utaratibu ulioandikwa katika RFC 1191 mwaka 1990. Mafundi wengi huzuia ICMP yote kwa hofu ya wadukuzi. Usalama wa namna hiyo ni ghali: pakiti hutupwa, mtumaji hajui, anarudia zilezile.

Dawa huanza na kupima. Kompyuta ya Bungoma, VPN ikiwa imezimwa, itume kwa anwani ya umma ya seva ya Kitale amri ya Windows ping -f -l 1472, kisha namba ipunguzwe hadi jibu lirudi. Tuseme 1372 ndiyo kubwa inayopita. Ongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP: njia inabeba 1400. Ondoa 60 za WireGuard, MTU ni 1340. Ondoa 40 tena za vichwa vya IP na TCP, MSS, yaani kikomo cha data ya TCP katika pakiti moja, ni 1300.

Wasio na subira huweka MTU ya 1280 moja kwa moja, na si aibu. Chini ya hapo IPv6 haikubali.

Kikomo cha MSS kinagusa TCP pekee. Simu ya video inayopita kwa UDP hutegemea MTU yenyewe, na hiyo iandikwe pande zote mbili, Kitale na Bungoma.