Mungu hakuziba huo mtaro

Mvua ikinyesha Nairobi siku tatu mfululizo, unajua kitakachofuata. Matatu zinakwama South C. Stima inapotea. Halafu, kabla hata maji hayajashuka, ujumbe unaingia kwenye grupu ya familia: ati hizi ni siku za mwisho, tutubu. Unaandika "Amina" na kuendelea na maisha.

Mimi siandiki Amina. Siamini kuna Mungu, na siko peke yangu: sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 nchini wasio na dini. Lakini tulia, sikuja kukugeuza. Omba vile unavyoomba. Nataka tu tuongee kuhusu ile sentensi tunayoitupa kila maafa yakitokea: "Ni mapenzi ya Mungu." Hiyo sentensi inamficha mtu.

Tuanze na Mai Mahiu. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa kishindo watu wakiwa wamelala. Zaidi ya 45 walikufa. Kwanza tuliambiwa ni bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya reli ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa kuyazuia.

Hebu soma hapo tena. Njia ya maji iliziba. Kuizibua hakuhitaji muujiza. Kunahitaji sepetu, tingatinga, na mtu ambaye analipwa mshahara kwenda kuikagua kabla ya msimu wa mvua.

Rudi nyuma hadi Solai, kaunti ya Nakuru, usiku wa 9 Mei 2018. Bwawa la shamba la kibinafsi lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao watoto na akina mama. Maafisa wa maji walisema halikuwa na kibali. Sasa niambie, kibali hutolewa mbinguni ama ofisini?

Ukitaka kuona vizuri zaidi, fungua ramani ya Nairobi. Mathare iko upande mmoja wa Thika Road, Muthaiga iko upande wa pili. Aprili 2024 mvua ilinyesha kote kuwili. Mathare mto ulivunja kingo na wasee wakapanda juu ya mabati kuokoa maisha. Muthaiga hatukusikia mtu amepanda paa. Kama hiyo ilikuwa adhabu ya dhambi, basi huyo mwenye kuadhibu anachagua watu kwa kuangalia kodi ya nyumba wanayolipa. Mathe anayeuza mboga na kuishi kando ya mto hakufikishwa pale na dhambi. Alifikishwa na mfuko wake, na kuna landilodi aliyejenga hizo nyumba na kuchukua kodi kila mwezi huku wakubwa wakiona. Maji yalipopungua, tingatinga zikaja kubomoa. Aliyebomolewa ni mpangaji.

Hii tabia haiko Kenya pekee. Januari 2010, tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga Haiti. Serikali ya huko ilitaja zaidi ya watu 200,000 waliokufa. Mhubiri wa Marekani, Pat Robertson, alisema kwenye televisheni kwamba Wahaiti walikuwa wamefanya mapatano na shetani. Mwezi uliofuata, tetemeko la 8.8 likapiga Chile. Hilo lilitoa nguvu takriban mara 500 zaidi, lakini waliokufa walikuwa kama 525. Je, Wachile ni watakatifu? Hapana. Chile ina sheria kali za ujenzi na inazifuata. Haiti nyumba nyingi zilikuwa za matofali ya saruji yasiyo na vyuma vya kutosha, na zikawaangukia wenyewe.

Utaniuliza: na maombi ya mvua je? Swali zuri. Tarehe 14 Februari 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kufeli, viongozi walikusanyika Nyayo Stadium kwa maombi ya kitaifa. Machi mvua ikaja. Watu wakasema, mnaona?

Lakini ukame ule ulienda sambamba na La Nina, hali ambapo maji ya bahari ya Pasifiki yanapoa, na mara nyingi mvua yetu ya vuli inakuwa haba. Ilidumu miaka mitatu, ikaisha Machi hiyo hiyo. Mwaka huo huo ikageuka El Nino. Oktoba Rais akatuambia mvua haitafika kiwango cha kuleta uharibifu. Kufikia mwisho wa mwaka, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Sasa, kama mvua ya Machi ilikuwa jibu la maombi, ile ya Novemba ilikuwa nini? Huwezi kumpa Mungu shukrani za mvua nzuri halafu bili ya mafuriko uwapelekee wenye dhambi.

Najua kuna kitu utasema, na ni kweli: mafuriko yakija, makanisa na misikiti hufungua milango, na waumini hupika uji na kugawa blanketi. Hilo sipingi, nalivulia kofia. Na mzazi aliyezika mtoto ana haki ya kushikilia neno lolote linalomsaidia kulala. Siwezi kusimama kwenye matanga nikabishana naye.

Shida ni pale faraja inapohamishwa kutoka matangani hadi kwa kamera za runinga, ikatolewa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia kifo hicho. Mwanasiasa akisema "tumwachie Mungu", sikiliza vizuri. Anaomba uache kuuliza. Na wewe ukijibu Amina, umemsamehe kabla hata hajashtakiwa.

Kwa hivyo mvua kubwa ikija tena, omba ukitaka. Ukimaliza, uliza haya, iwe kwa baraza ya chifu au kwa mkutano wa bajeti ya kaunti: Huu mtaro ulizibuliwa lini mara ya mwisho? Nani alitoa kibali cha kujenga hapa? Tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ilitoka lini, na nani aliikalia? Uliza sasa, kukiwa kukavu, kwa sababu mtaro hauzibuliwi wakati maji yako kiunoni.

Wanasema Mungu anajua yote. Sawa. MCA wako pia anajua, na yeye ana namba ya simu.