Je, Wajua? Nondo Anayebeba Sumu ya Marejea

Yupo nondo mdogo ambaye buibui akimnasa, humwachia mwenyewe. Kitaalamu anaitwa Utetheisa pulchella, na mwanasayansi Linnaeus alimweleza tangu mwaka 1758. Anaishi sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania na Kongo zikiwemo, nchi zinazotazamana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Akikunjua mabawa hafiki hata sentimita 5. Ya mbele ni meupe kama maziwa, yamejaa vidoa vyeusi na kati yake madoa mekundu. Ya nyuma ni meupe yenye pindo jeusi. Nondo wengi hufanana na gome la mti ili mchana wasionekane. Huyu hajifichi. Ukipita mchana kwenye nyasi za shamba lililolala nyuma ya mji wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mtazame akiruka mbele yako na kutua tena karibu.

Ujasiri huo unatokana na chakula. Kiwavi wake hula mimea ya jamii ya marejea, zikiwemo mbegu zilizo ndani ya yale maganda yanayolia yakikauka. Zipo aina zenye alkaloidi zinazoharibu ini la ng'ombe, hata la binadamu. Kiwavi hazimdhuru. Huzihifadhi mwilini, akabaki nazo hata akishakuwa nondo, na rangi zake huwaonya ndege wasimguse.

Aliyefumbua mambo haya vizuri zaidi ni Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyemchunguza ndugu wa nondo huyu anayeishi huko, Utetheisa ornatrix. Nondo waliolelewa kwa chakula kisicho na sumu waliliwa na buibui. Wenye sumu, buibui alikata nyuzi moja moja akawaacha waende. Linalonistaajabisha zaidi ni posa yao. Dume hutoa harufu inayotengenezwa kwa sumu hiyohiyo, na jike huitumia kupima mzigo wa sumu alio nao dume. Wakipandana, dume humpa jike sehemu ya sumu pamoja na mbegu zake, na jike huiweka ndani ya mayai. Mtoto huzaliwa akiwa na ulinzi wa baba na mama.

Mkulima, usichume maganda ya marejea pori kulisha mifugo. Nawe mwenye simu, ukimpiga picha nondo huyu, piga na mmea aliotua, maana mmea ndio unaoeleza sumu yake ilikotoka.