Wilaya tano ndani ya baiti moja

Vitabu vingi vya lugha ya C humfikisha mwanafunzi kwenye opereta za biti akiwa amekwisha kuchoka, kisha humpa majedwali ya sifuri na moja akariri. Pa kuanzia si jedwali, ni swali la ndiyo au hapana. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, una wilaya 5: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Tuseme programu ya msimu wa pamba inatakiwa kukumbuka wilaya zipi zimeshawasilisha takwimu makao makuu ya mkoa, mjini Bariadi. Kila wilaya ipewe biti yake kwa mpangilio huo, yaani thamani za 1, 2, 4, 8 na 16. Zikiwasilisha Bariadi na Maswa tu, kigeu kimoja cha unsigned char, tukiite taarifa, kinabeba 9, na hakuna kundi jingine la wilaya linaloweza kutoa 9.

Hapo opereta zinaanza kujieleza zenyewe. Amri taarifa |= MEATU inawasha biti ya Meatu bila kugusa nyingine, na 9 inakuwa 25. Takwimu za Maswa zikionekana na kasoro, taarifa &= ~MASWA inazima biti yake peke yake, inabaki 17. Mtu atauliza kwa nini tusijumlishe na kutoa tu, hesabu za shule ya msingi. Turudi kwenye 25, kisha Meatu ilete takwimu zake mara ya pili. Kujumlisha kunatoa 41, na ukiisoma 41 kwa biti utakuta Meatu imefutika na wilaya ya sita, isiyokuwepo kwenye ramani, imezuka. Opereta | inaacha 25 kama ilivyokuwa, hata ukirudia mara mia. Nayo ^, ukiilinganishia taarifa za juma hili na za juma lililopita, inakuachia 1 pale tu palipobadilika.

Pingamizi kubwa ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta siku hizi ni rahisi, kwa hiyo kubana wilaya 5 ndani ya baiti moja ni ubahili usio na maana. Kwa kompyuta ya mezani, nakubali kabisa. Lakini kubana nafasi ndiyo sababu dhaifu kuliko zote za kujifunza biti. Sababu yenye nguvu ni kwamba vifaa vyenyewe huzungumza kwa biti. Chukua mizani ya kidijitali, chombo anachokijua kila mkulima wa pamba. Chipu ya HX711, inayotumika sana katika mizani za kujiundia, hutoa kipimo cha biti 24, moja baada ya nyingine, ikianza na ile kubwa. Programu haina budi kuzipanga: soma = (soma << 1) | biti, mara 24. Kigeu soma kiwe unsigned chenye biti 32. Wapo wanaopendekeza kutumia struct yenye sehemu za biti badala ya hayo yote. Ni nadhifu machoni, ila sanifu ya C inaiachia kila kompaila ipange biti hizo inavyotaka, jambo lisilofaa pale kifaa kinapodai mpangilio mmoja tu.

Pingamizi la mwisho, kwamba opereta hizi ni rahisi kukosea, lina ukweli. Andika if (taarifa & MEATU == MEATU) na kompaila itashughulikia == kwanza, ipate 1, kisha ikuulizie Bariadi badala ya Meatu, huenda bila kulalamika. Dennis Ritchie, aliyeibuni C, alieleza baadaye chanzo cha mtego huu: awali & ilifanya pia kazi ya &&, na && ilipoongezwa, daraja la & liliachwa palepale ili programu zilizokwisha kuandikwa zisiharibike. Kwa hiyo mwanzo wa kujifunza usiingojee kumbukumbu ya madaraja hayo: andika if ((taarifa & MEATU) != 0), na mabano hayo usiyaache hata siku moja.