Johan de Witt, kiongozi wa Uholanzi aliyeuawa na raia wake

Tarehe 20 Agosti 1672, mjini The Hague, umati wenye hasira ulimuua Johan de Witt alipokwenda gerezani kumuona kaka yake Cornelis, ambaye naye aliuawa.

Mwanasheria na mtaalamu wa hesabu huyo, mzaliwa wa Dordrecht, alishika madaraka mwaka 1653 akiwa na miaka 27. Alipinga nchi kutawaliwa na ukoo wa Orange. Aliimarisha jeshi la majini, lakini lile la nchi kavu lilibaki dhaifu.

Ufaransa iliposhambulia mwaka 1672, lawama zote zilimwangukia de Witt. William wa Tatu wa Orange alichukua uongozi. Baadhi ya wachochezi wa mauaji hayo hawakuadhibiwa, bali walizawadiwa.