Wazazi, Chekechea Si Mahali pa Kupoteza Wakati

Ikifika Januari, katika miji ya Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na Kerugoya, utawaona akina mama wakiwapeleka watoto shule ya chekechea kwenye baridi ya asubuhi, kila mtoto na sweta yake na kofia ya sufu. Majuma machache yakipita, manung'uniko huanza. "Mwanangu anaimba tu." "Anarudi na matope mikononi." "Daftari lake halina kitu." Mwishowe mzazi humhamisha mtoto, akampeleka anakosikia kwamba watoto wa miaka minne hupewa mitihani na kazi ya kufanyia nyumbani. Jambo hili lanitia wasiwasi, maana anayeumia si mwalimu wala mzazi, ni mtoto.

Kwanza tukumbuke shule hizi zilianza vipi kwetu. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliwatoa watu makwao ikawarundika katika vijiji vyenye ulinzi. Kuanzia 1954, watu zaidi ya milioni moja wa Nyeri na wilaya jirani walihamishwa hivyo. Akina mama walilazimishwa kuchimba mitaro na kutengeneza barabara, na nani angeinua jembe siku nzima na mtoto mgongoni? Ndipo vituo vya kuwaangalia watoto vikaanzishwa vijijini humo. Basi mwanzo wa chekechea katika sehemu hizi ulikuwa dhiki, haukuwa anasa.

Baada ya Uhuru mwaka 1963, wananchi walizichukua kwa Harambee. Walitoa mbao na mabati, wakamlipa mwalimu kwa michango yao wenyewe. Mara nyingi mwalimu huyo alikuwa msichana wa kijijini asiye na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Mwaka 1971, Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilianza mradi wa kuwafunza walimu hao na kuandika mwongozo. Wizara ya Elimu ilikabidhiwa kazi hii mwaka 1980, na kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo kikaanzishwa mwaka 1984. Kisha Katiba ya 2010 ikaiweka mikononi mwa serikali za kaunti. Siku hizi chekechea ni madarasa mawili, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka minne na mitano. Kipindi ni cha nusu saa, na mafunzo ni ya lugha, hesabu, mazingira, dini, na kazi za mikono na viungo.

Je, humo darasani hufanywa nini? Nilikaa asubuhi nzima katika darasa moja upande wa Karatina nikitazama. Kijana mmoja aliweza kuimba moja hadi kumi bila kukosea. Mwalimu alipompa vizibo sita vya soda avihesabu, alifika nane, kwa kuwa mdomo ulikwenda mbio kuliko kidole. Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia asogeze kizibo kimoja kila anapotaja nambari moja. Mara ya tatu akapata sita, akacheka mwenyewe. Hapo ndipo hesabu ilipoanza, maana mtoto aliyekariri bila kushika atakwama akiulizwa sita ukitoa mbili.

Kikundi kingine kilipewa bakuli la mahindi na maharagwe yaliyochanganyika, kana kwamba wanapika githeri, wakaambiwa watenge. Mmoja alitenga mahindi na maharagwe. Mwingine alitenga kwa rangi, akaweka maharagwe mekundu mbali na meupe. Huko kupanga vitu kwa namna na kueleza sababu ndio msingi wa sayansi. Wengine walifinyanga udongo, na vidole vinavyofinyanga ndivyo vitakavyoishika kalamu vizuri kesho. Pembeni palikuwa na duka la makopo na paketi tupu za majani chai, na wenye duka walibishania bei kama mama zao sokoni.

Katika mkutano wa wazazi mchana huo, mzee mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nimelipa mtoto asome, sikulipa acheze udongo." Mwalimu akamjibu kwa upole, "Mzee, shamba la kahawa ulipolipanda, ulidai mbuni uzae mwaka huo huo?" Watu wakacheka, na mzee naye akacheka, lakini hakukaa. Akauliza, "Na mwenzake akimshinda huko darasa la kwanza, utanilipa?" Swali hilo ni la haki, na ndilo liko mioyoni mwa wengi. Mwalimu alisema mtoto anayelazimishwa kuandika kabla vidole vyake havijapata nguvu huichukia kalamu, na anayepigwa kwa kukosea huacha kuuliza. Kumfundisha kusoma baadaye ni rahisi, lakini kumrudishia hamu ya kusoma ni kazi ngumu.

Jambo jingine ni lugha. Wazazi wengi hufurahi mtoto akirudi na maneno mawili ya Kiingereza. Lakini mwongozo wa elimu wasema mtoto afundishwe kwanza kwa lugha ya mahali anapoishi: vijijini Nyeri ni Kigikuyu, na mijini kama Nanyuki, penye watu wa makabila mengi, ni Kiswahili. Mtoto hawezi kujifunza jambo jipya kwa lugha ngeni, akabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Hata vitendawili vya nyanya jioni ni shule, kwani anayefumbua kitendawili anajifunza kufikiri.

Basi mzazi afanye nini? Unapotafuta shule, usihesabu madaftari. Uliza mwalimu amefunzwa kazi hii, ana watoto wangapi, wana nafasi ya kukimbia, na wanapata uji saa nne. Shule ya umma ikitaka kumtahini mtoto ili imkubali au imkatae, jua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza. Na nyumbani, mwache agawe vijiko, kimoja kwa kila mtu. Mwulize, "Leo umecheza nini?" kisha umsikilize mpaka amalize.

Wahenga walisema udongo upatilize uli maji. Lakini mfinyanzi anayekandamiza kwa haraka hupasua chungu chake, wala hana wa kumlaumu.